Seli moja mbovu huangusha betri nzima: Kwa nini vipuri vya betri za ndege havibahatishwi

JINA la mtaa wa Kiwanjani mjini Isiolo linajieleza lenyewe: wakazi wake ni majirani wa uwanja wa ndege. Uwanja huo ulizinduliwa rasmi mnamo Julai 2017 kwa hadhi ya kimataifa, baada ya kujengwa upya na kupewa njia ya kurukia yenye urefu wa takriban kilomita 1.4.

Urefu huo hauzitoshi ndege kubwa za abiria zinazosafiri baina ya mabara. Ndege zinazofaa mahali kama hapo ni zile ndogo na za wastani, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa tegemeo la kaskazini mwa Kenya, ambako barabara ni ndefu na hospitali kubwa ni chache. Ndizo zinazobeba watalii, wafanyakazi wa mashirika ya misaada, dawa, maafisa wa serikali na wagonjwa mahututi.

Ndani ya kila ndege ya aina hiyo mna kasha zito ambalo abiria halioni. Kasha hilo ni betri. Ndege ikiwa angani, betri huwa kimya kwa sababu umeme unatoka kwa jenereta inayozungushwa na injini. Lakini mna nyakati mbili ambapo uhai wa injini na wa abiria hulitegemea kasha hilo: wakati wa kuwasha injini, na pale jenereta inapokufa safarini.

Betri nyingi za ndege huundwa kwa vipande vinavyoitwa seli. Seli moja ikiharibika, fundi anaweza kuitoa na kutia nyingine badala ya kutupa betri nzima. Hapo ndipo swali linapozuka: je, seli hiyo mpya inatoka wapi, nani ameithibitisha, na je, itaweza kuishi na wenzake ndani ya kasha moja?

Swali hilo linaonekana dogo, lakini wataalamu wa matengenezo ya ndege wameliwekea kanuni nyingi, na kila kanuni ina sababu yake.

Seli 20 katika kasha moja

Ndege ndogo hutumia betri za aina mbili hasa. Ya kwanza ni ya risasi na asidi, ambayo kwa asili ni ndugu wa betri ya gari. Ya pili ni ya nikeli na kadimiamu. Ndege kama Cessna 208 Caravan, ambayo ni maarufu sana katika viwanja vya changarawe vya Afrika Mashariki, inaweza kufungwa betri ya aina yoyote kati ya hizo mbili.

Tofauti kubwa ni kwamba betri za kisasa za risasi na asidi huwa zimezibwa kabisa. Zikichoka, hutolewa zote na kuwekwa nyingine. Betri ya nikeli na kadimiamu hufunguka. Ndani yake mna seli 19 au 20 zilizopangwa safu kwa safu na kuunganishwa kwa vipande vya chuma, chanya ya moja ikifungwa kwenye hasi ya inayofuata. Kila seli hutoa volti 1.2. Seli 20 zikiunganishwa kwa mfuatano huo, jumla yake ni volti 24.

Muungano huo ndio chanzo cha nguvu ya betri, na ndio chanzo cha udhaifu wake pia. Kwa kuwa seli zimefuatana, mkondo uleule wa umeme hupita katika kila mojawapo. Hakuna seli inayoweza kupumzika huku nyingine zikifanya kazi. Msafara wa ngamia waliofungwa kamba mmoja nyuma ya mwingine hutembea kwa mwendo wa yule aliye dhaifu zaidi. Betri nayo huwa hivyo hivyo.

Chukulia kwamba seli 19 zina uwezo kamili lakini ya 20 imepungukiwa. Betri inapotumika, seli hiyo dhaifu huishiwa na chaji kabla ya zingine. Zile 19 bado zina nguvu, hivyo huendelea kuusukuma mkondo kupitia ndani ya mwenzao aliyekwisha kuchoka. Matokeo yake ni kwamba ncha za seli hiyo hugeuka: chanya huwa hasi, na hasi huwa chanya. Seli iliyogeuzwa hivyo hutoa gesi, hupata joto na huharibika zaidi.

Kinyume chake pia kina madhara. Seli mpya kabisa ikitiwa miongoni mwa seli zilizozeeka, zile kuukuu hujaa mapema kwa kuwa uwezo wao umepungua. Seli mpya ikiwa bado inaendelea kupokea chaji, zile zingine huwa tayari zinachajiwa kupita kiasi. Kwa hiyo seli nzuri mno inaweza kuwaletea wenzake taabu kama vile seli mbovu.

Joto linalojizidisha

Hatari kubwa zaidi katika betri ya nikeli na kadimiamu ni joto linalojizidisha lenyewe. Ili kuielewa hatari hiyo, ni sharti kutazama ndani ya seli.

Kila seli ina mabamba ya nikeli na mabamba ya kadimiamu yaliyozama katika myeyusho wa haidroksidi ya potasiamu. Kati ya mabamba hayo mna utando mwembamba wenye kazi mbili. Kwanza, huzuia mabamba yasigusane. Pili, huzuia gesi ya oksijeni inayotokea kwenye bamba la nikeli mwishoni mwa kuchaji isifike kwenye bamba la kadimiamu.

Utando ukichakaa au ukitoboka, oksijeni hupenya na kuungana na kadimiamu. Tendo hilo huzalisha joto. Seli inapopata joto, volti yake hushuka, na volti ikishuka, jenereta huisukumia mkondo mkubwa zaidi. Mkondo huo huongeza joto, joto nalo huuharibu utando zaidi. Mzunguko huo usipokatizwa, seli huchemka, kasha huyeyuka, na moto unaweza kuzuka.

Hesabu ndogo inaonyesha jinsi seli moja inavyoweza kuuanzisha mzunguko huo. Jenereta ikitoa volti 28, kila seli kati ya 20 hupata volti 1.40. Seli moja ikipiga shoti ndani kwa ndani, volti zile 28 hugawanywa kwa seli 19 zilizobaki, na kila moja hupata takriban volti 1.47. Tofauti ya volti 0.07 huenda ikaonekana kuwa si kitu. Lakini kwa seli iliyokwisha kujaa, ongezeko hilo huongeza mkondo kwa kiasi kikubwa, na katika mazingira ya joto athari yake huwa mbaya zaidi.

Jambo hili si nadharia tu. Ni kutokana na matukio ya aina hiyo ambapo katika miaka ya 1970 mamlaka ya usafiri wa ndege ya Marekani, FAA, ilianza kudai kwamba ndege zinazowasha injini kwa betri za nikeli na kadimiamu ziwe na njia ya kumlinda rubani: ama mfumo unaodhibiti chaji wenyewe, au kipimo cha joto chenye onyo, pamoja na njia ya kuitenga betri na jenereta. Hadi leo, rubani akiona taa ya onyo la joto la betri, jambo la kwanza afanyalo ni kuikata betri isipokee chaji tena.

Injini inapokataa kuzunguka

Si lazima betri iwake moto ndipo ilete hasara. Inatosha iwe dhaifu asubuhi moja kwenye uwanja wa mbali.

Ndege aina ya Caravan hutumia injini ya PT6A, ambayo huzungushwa na gesi moto inayopuliza mapanga yake. Ili iwake, betri hulizungusha kwanza pangaboi la kuvuta hewa. Rubani huruhusiwa kufungulia mafuta pale tu mzunguko unapofika angalau asilimia 12 ya kasi kamili. Hewa ya kutosha ndiyo inayoupoza moto.

Betri ikilegea katikati ya shughuli hiyo, mafuta huwaka ndani ya injini ambayo haivuti hewa ya kutosha. Joto hupanda kwa sekunde chache tu, likapita kikomo na kuyaunguza mapanga. Gharama ya kuikarabati injini iliyoungua namna hiyo haiwezi hata kulinganishwa na bei ya seli. Mwenye ndege aliyedhani ameokoa fedha kwa kununua seli ya bei nafuu hujikuta akilipia injini.

Kuna hali nyingine ambayo uzito wake si wa fedha. Jenereta inaweza kufa ndege ikiwa angani. Kanuni zinazotumika kuidhinisha ndege ndogo za aina hii hudai kwamba, hilo likitokea, betri iweze kulisha vifaa muhimu kwa muda usiopungua dakika 30. Vifaa hivyo ni kama redio na vipimo vinavyomwongoza rubani, ili apate nafasi ya kutafuta mahali pa kutua.

Kwa ndege inayokwenda kilomita 300 hivi kwa saa, dakika 30 ni kilomita 150. Umbali kutoka Isiolo hadi Marsabit kwa njia ya angani unazidi kilomita 200. Rubani aliye katikati ya safari hiyo akiwa na betri timamu anao muda wa kuchagua. Aliye na betri yenye nusu ya uwezo wake ana dakika 15 tu, na huenda hajui, kwa sababu kipimo cha volti hakimwambii. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha volti za kawaida ikiwa haijabebeshwa kazi yoyote.

Ndiyo maana uwezo wa betri hupimwa karakanani kwa kuitoa chaji yote kwa mkondo maalumu huku saa ikihesabiwa. Kwa betri nyingi, ikishindwa kufikisha asilimia 80 au 85 ya uwezo uliokadiriwa, kutegemea kitabu cha mtengenezaji, hairuhusiwi kurudishwa ndegeni.

Kufanana si kuwa sawa

Seli mbadala hupatikana kwa njia kuu mbili zilizo halali. Ya kwanza ni kuinunua kutoka kwa kampuni iliyotengeneza betri yenyewe. Ya pili ni kuinunua kutoka kwa kampuni nyingine iliyopewa idhini rasmi ya kutengeneza kipuri hicho. Nchini Marekani, idhini hiyo hutolewa na FAA, na mwombaji hutakiwa kuthibitisha ama kwamba kipuri chake kinafanana kabisa na kile cha awali, au kwamba kimefanyiwa majaribio na hesabu za kuonyesha kwamba kinatimiza viwango vinavyotakiwa.

Kwa mintarafu hiyo, si haki kudai kwamba kila seli isiyotoka kwa mtengenezaji wa kwanza ni mbovu. Watengenezaji wa awali wana maslahi ya kibiashara katika kuwatia wateja hofu, na ushindani umesaidia kupunguza bei za vipuri vingi vya ndege. Hata hivyo, seli si sawa na skrubu. Skrubu mbili zikilingana kwa urefu, unene na aina ya chuma, basi ni sawa. Seli mbili zinaweza kulingana kwa umbo na uzito, zikaingia katika nafasi ileile, na bado zikatofautiana katika unene wa utando, wingi wa myeyusho, muundo wa mabamba na namna zinavyopokea chaji katika joto.

Tofauti hizo hazionekani siku ya kwanza. Hujitokeza baada ya miezi kadhaa ya kuchajiwa na kutumika, wakati seli moja inapoanza kujaa kabla ya wenzake au kupoteza maji upesi kuliko wao. Kwa sababu hiyo, majaribio ya seli mbadala huwa na maana tu yanapofanywa ndani ya betri kamili: katika baridi na joto, kwa kuwasha injini mara nyingi, kwa kuchaji kupita kiasi, na kwa kuitazama betri inapozeeka.

Ndiyo sababu pia vitabu vya matengenezo hukataza kuchanganya seli za watengenezaji tofauti au za aina tofauti katika kasha moja, isipokuwa pale idhini yenyewe inaporuhusu bayana. Vilevile, seli zikianza kufa moja baada ya nyingine, huwa si busara kuendelea kuziba mapengo. Betri hiyo imefika umri wake, na ni afadhali seli zote zibadilishwe kwa pamoja.

Nje ya njia hizo mbili halali kuna soko la tatu, ambalo ni la vipuri bandia, vilivyotumika vikapakwa rangi, au vyenye vyeti vya kughushi. Ulimwengu ulikumbushwa kuhusu soko hilo mnamo 2023, ilipobainika kwamba kampuni moja ya Uingereza ilikuwa imeuza vipuri vya injini za ndege kubwa za abiria kwa stakabadhi za kughushi, na mashirika kadhaa makubwa yakalazimika kukagua injini zao. Iwapo mashirika yenye wahandisi wengi yaliweza kudanganyika, mmiliki wa ndege moja au mbili ana sababu ya kuwa macho zaidi.

Mikono ya fundi

Hata seli halali inaweza kuharibiwa na karakana mbaya. Fundi anayebadilisha seli huanza kwa kuimaliza betri chaji, kisha kila seli hufungwa nyaya kati ya ncha zake ili ifike sufuri na kuachwa kwa saa nyingi. Lengo ni kuzifanya seli zote zianze safari mpya kutoka mahali pamoja. Akiruka hatua hiyo, seli mpya na za zamani zitachajiwa zikiwa katika viwango tofauti.

Maji yanayoongezwa ni yale yaliyotoneshwa pekee, na huongezwa mwishoni mwa kuchaji. Betri ikiwa haina chaji, myeyusho hufyonzwa na mabamba na kuonekana kama umepungua. Anayeongeza maji wakati huo atayaona yakifurika betri inapojaa, na kuacha unyevu unaopitisha umeme juu ya seli.

Vipande vya chuma vinavyounganisha seli hukazwa kwa kipimo maalumu. Nati moja iliyolegea huzalisha joto kila injini inapowashwa. Aidha, vifaa vya betri za asidi havitumiwi kamwe kwa betri za nikeli na kadimiamu. Moja hutumia asidi na nyingine alkali, na hata mvuke wa asidi unaweza kuichafua seli ya alkali. Karakana zinazofuata kanuni hutenga vyumba viwili.

Nchini Kenya, kazi hiyo inapaswa kufanywa na karakana na wahandisi walioidhinishwa na KCAA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ndege, na kila kipuri kinachofungwa kuandikwa kwenye kumbukumbu za ndege. Kumbukumbu hizo hazipaswi kuchukuliwa kama urasimu tu. Bila ya nambari ya kila seli na tarehe iliyotiwa, hakuna mtu anayeweza kujua ni ngapi zimebadilishwa, wala kuzisaka ikitangazwa kwamba fungu fulani lina kasoro.

Funzo la lithiamu

Teknolojia mpya haijaondoa tatizo la seli moja kuwaponza wenzake. Mnamo Januari 7, 2013, betri ya lithiamu iliwaka ndani ya ndege aina ya Boeing 787 iliyokuwa imeegeshwa mjini Boston, Marekani. Siku tisa baadaye, ndege nyingine ya aina hiyo ililazimika kutua kwa dharura nchini Japani baada ya betri yake kufuka moshi. Ndege zote 50 za aina hiyo zilizokuwa zikihudumu duniani zilisitishwa kuruka.

Wachunguzi wa Marekani walibaini kwamba katika tukio la Boston, shoti ilitokea ndani ya seli moja kati ya nane, na joto lake likasambaa hadi kwa zingine. Boeing ililazimika kuongeza vizuizi kati ya seli, kupunguza viwango vya kuchaji, na kuitia betri ndani ya kasha la chuma lenye bomba la kutolea moshi nje ya ndege. Safari ya kwanza ya abiria baada ya marufuku hiyo iliishia Afrika Mashariki: ilikuwa ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa hadi Nairobi mnamo Aprili 27, 2013.

Hata hivyo, miezi mitatu haikuisha kabla ya shirika hilohilo kukumbwa na mkasa mwingine. Mnamo Julai 12, 2013, ndege yake aina ya 787 iliungua sehemu ya juu karibu na mkia ikiwa imeegeshwa bila ya mtu ndani katika uwanja wa Heathrow, London. Safari hii chanzo hakikuwa betri kuu. Kilikuwa betri ndogo ya kifaa kinachotoa ishara ndege inapoanguka. Ripoti ya Uingereza iliyotolewa 2015 ilieleza kwamba nyaya zilikuwa zimenaswa chini ya kifuniko cha betri hiyo na huenda zikasababisha shoti; seli moja ikapata joto, na zingine zikafuata.

Betri zile mbili zilitofautiana kwa ukubwa, kwa kazi na kwa mtengenezaji. Lakini zote zilithibitisha kwamba betri huanza kuharibika kwa seli moja, na kwamba kosa la kufunga waya linaweza kuwa na matokeo sawa na kosa la kiwandani. Zaidi ya hayo, betri za lithiamu zinapoendelea kuingia katika ndege ndogo, wamiliki hawana budi kufahamu kwamba hazifunguliwi karakanani ili seli moja ibadilishwe kama zile za nikeli na kadimiamu. Hurudishwa kwa mtengenezaji au kubadilishwa zote.

Maswali ya kuuliza

Mwenye ndege anayeambiwa kwamba seli ya betri yake imekufa ana haki ya kumuuliza fundi maswali machache. Je, seli mpya ina cheti cha asili kinachoonyesha ilikotengenezwa na nani aliyeiidhinisha? Je, idhini hiyo inataja aina ya betri iliyomo ndegeni? Je, zile 19 zilizobaki ni za mtengenezaji yuleyule? Seli ngapi zimekwisha kubadilishwa tangu betri iwe mpya? Na je, betri nzima imepimwa uwezo wake baada ya kazi kukamilika?

Abiria anayepanda ndege Isiolo hana namna ya kuyauliza maswali hayo. Hawezi kulifungua kasha wala kusoma kumbukumbu. Analoweza ni kuamini kwamba kuna mtu aliyeyauliza kwa niaba yake, na kwamba majibu yalitiwa sahihi.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, huoza wote. Kwa betri ya ndege, methali hiyo ni maelezo kamili ya kinachotokea ndani ya kasha, na anayetafuta seli ya bei ya chini kabisa angefaa kuikumbuka kabla hajafungua pochi.